Sahihi ya Shemeji

Kwenye ukumbi wa baraza la madiwani wananchi hukaa nyuma, na kazi yao ni moja tu: kusikiliza. Hawapigi makofi, hawaguni, hawanyooshi kidole. Askari wa manispaa alikwisha kuwaeleza hivyo mara mbili akina mama kumi na mmoja wa Kisosa, waliokuja na sare zao za kitenge, na ile mara ya pili macho yake yalimkalia Mwanvita peke yake.

"Mbona unanitazama mimi?" Mwanvita akauliza.

"Kwa sababu wewe ndiye unayeongea, mama."

"Hapo bado sijaanza, mwanangu."

Wenzake wakacheka kwa kujibana, mabega yakitikisika. Paskalia, mwenyekiti wao, hakucheka. Siku nyingine angekuwa wa kwanza. Alikuwa mwanamke wa vitendawili, hata akiwa amejitwika tenga la karoti alikuwa akitega, na asubuhi ile wakishuka mlima aliwategea kimoja kipya: chumba ambacho kila mtu amewahi kukaa na hakuna anayeijua rangi ya kuta zake. Tumbo la mama, wakamjibu kabla hajavuta pumzi. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Lakini chumba alichokifuata hapa mjini kilikuwa na kuta, na rangi yake aliijua vizuri: nyekundu, matofali ya kuchoma, na juu hakuna paa.

Kisosa iko kule juu ambako barabara ya gari hukata tamaa. Mwanamke akishikwa na uchungu hubebwa kwenye machela, wanaume wanne, na njia ni ya kushuka kwa kisigino. Mvua isiponyesha ni saa mbili mpaka hospitali. Na Uluguru, mvua haiombi ruhusa. Mwaka juzi, mwezi wa nne, Prisca, binti wa mwisho wa Paskalia, alijifungulia njiani juu ya kanga mbili, wanawake wamemzunguka kwa miavuli. Mtoto hakulia. Tangu siku hiyo Prisca akipita pale huangalia upande wa pili, kama mtu aliyeona deni lake limekaa barazani.

Ndipo akina mama walipoanza. Walibeba mchanga kutoka mtoni, wakachoma matofali, wakawapikia mafundi, na boma la zahanati likapanda mpaka usawa wa lenta. Chumba cha kujifungulia walikiweka upande wa mashariki kipate jua. Kisha pesa ikaisha. Mafundi walisema wazi: masika ya mwaka huu kuta zitavumilia, ya mwakani hapana. Kwa hiyo ilikuwa ama manispaa iingize fedha za kumalizia kwenye bajeti hii, ama jasho lote lile lirudi kuwa udongo.

Mstahiki Meya, ndani ya joho lake, akafunua ukurasa. "Umaliziaji wa zahanati ya Kisosa. Shilingi milioni hamsini, mapato ya ndani. Mheshimiwa diwani wa kata hiyo."

Mheshimiwa Yasmin akasimama. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika mbali, na aliyasema yote bila kusoma: machela, mvua, matofali. Madiwani wakatikisa vichwa. Paskalia alianza kupata pumzi. Mwanvita akamkanyaga mguu kwa furaha.

"Taarifa, Mstahiki Meya."

Aliyesimama alikuwa Mheshimiwa Abdulswamad, diwani wa kata moja ya mjini ambayo kila mvua ikinyesha maduka yake hujaa maji. Kila mtu alijua anaitafuta fedha ya mifereji. Lakini alikuwa mtu wa maneno laini, hamkaripii hata nzi.

"Sina ugomvi na mama zangu wa mlimani. Ndio wanaotulisha mboga. Ila nawaomba waheshimiwa mfungue kiambatisho cha mwisho cha makabrasha, ambacho naona wengi hatukufika huko, tulichoka njiani." Watu wakacheka kidogo. "Kuna barua. Nasoma. 'Mimi Gabrieli, mjomba wa tombo, ukoo wa mama wenye shamba hilo la Kisosa, napinga. Fomu inasema eneo limetolewa na Deogratias. Deogratias ni shemeji yangu, ameoa kwetu. Mtu hawezi kugawa kitanda alichokaribishwa kulala. Wenyewe hatukuulizwa.'" Akaikunja. "Tukimwaga milioni hamsini kwenye ardhi yenye mgogoro, Mstahiki Meya, kesho mkaguzi atatuuliza sisi."

Gabrieli alikuwa kaka yake Paskalia, tumbo moja. Alikuwa amelala kwake siku nne mfululizo, akala ugali wake, na asubuhi ile ile wakaagana mlangoni kwa kushikana mikono.

Mwisho wa benchi alikaa Deogratias, mumewe, ndani ya koti lake la misa. Akina mama walimgeukia, kisha wakaacha haraka, wakatazama mbele. Yeye alikuwa anatazama kofia yake magotini.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa zamani kuliko karatasi. Kwa Waluguru ardhi hupita kwa mama. Wenye shamba ni tombo, wale walionyonya ziwa la bibi mmoja, na msemaji wao ni mjomba. Mume huja na jembe lake, akalima, akapanda migomba, akazaa, akazeeka. Lakini shamba halimfuati. Lake liko kwa dada zake, huko alikotoka. Mtoto wa darasa la pili wa Kisosa analijua hilo. Na kwa sababu kila mtu analijua, hakuna aliyeona ubaya siku afisa wa manispaa alipokuja na fomu ya kutoa eneo.

Ilikuwa Jumatatu, siku ya kushusha mboga. Paskalia alikuwa ameshajitwika tenga. Fomu ilitaka jina la mmiliki na sahihi yake, na afisa alitaka kurudi nayo mjini siku ile ile. Gabrieli alikuwa Turiani kwenye mpunga wake; kumwita ni wiki, kulikalisha tombo ni wiki nyingine.

"Weka mkono wewe," Paskalia alimwambia mumewe. "Karatasi za serikali hupenda wanaume. Shamba linamjua mwenyewe."

Deogratias alisita, kalamu ikiwa hewani. "Si vizuri, mama Prisca."

"Weka bwana, tenga linaniumiza shingo!"

Akaweka. Wakacheka wote, na afisa naye akacheka bila kujua kinachochekwa.

Sasa hakuna aliyekuwa akicheka. Mstahiki Meya alinong'onezana na mkurugenzi, akagonga meza. "Ajenda hii naiweka kando. Tutaendelea na nyingine, na nitairudia saa nane kabla ya kufunga. Kama hakuna karatasi safi ya wenye ardhi, fedha hizi baraza litazipangia kazi nyingine."

Mheshimiwa Abdulswamad alikaa taratibu, akiweka koti lake sawa.

Mheshimiwa Yasmin aliwafuata nje kwenye korido. "Mama Paskalia, nipe karatasi yenye mkono wa wenyewe. Bila hiyo mimi humo ndani nitapiga kelele tu. Huyo kaka yako yuko wapi?"

"Stendi. Anarudi Turiani na basi la saa sita na nusu."

"Mpigie!"

"Simu ameizima. Huizima safarini, anasema chaji ni ya dharura."

"Na hii si dharura?" Mwanvita akadakia. "Nenda, mwenzangu. Shemeji tutamlinda hapa."

Saa ya ukutani ilionyesha sita kasorobo. Paskalia akapanda bodaboda, kitu alichoapa hatakifanya tena tangu alipoungua mguu kwa bomba la moshi, akamwambia dereva Msamvu, na kwa mwendo unaoruhusu kufika hai.

Alimkuta Gabrieli ameketi juu ya begi lake kando ya basi, akimenya chungwa kwa kisu, ganda likishuka zima kama utepe. Mzee wa miaka sitini na minane, mgongo umenyooka. Basi lilikuwa linanguruma.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja kuniaga tena? Asubuhi hatukuagana vizuri?"

"Siku nne umelala nyumbani, kaka. Siku nne! Na barua iko mfukoni."

"Haikuwa mfukoni. Nilikwisha kuipeleka. Mfukoni ilikuwa nakala."

"Kaka Gabrieli!"

"Na wewe ulinijulisha?" Kisu kikasimama. "Nakaa Turiani, muuza mchele ananiambia shemeji yako siku hizi ni mwenye ardhi kule kwenu, ameipa serikali shamba. Nikacheka, nikadhani utani. Nikaja. Nikaenda ofisini, nikaomba kuona fomu. Jina la mmiliki: Deogratias. Nikasoma mara ya pili maana macho yangu ya kizee. Ikawa Deogratias vile vile."

"Ni zahanati, kaka. Si duka la mtu."

"Mimi unanifundisha hiyo ni nini? Yule mchanga wa Prisca, nani alikuja kumzika?"

Paskalia akatazama chini. "Wewe."

"Mimi. Nilimbeba kwa mikono yangu hii, mwepesi kama kifurushi cha chumvi. Halafu mtu aniambie mimi sitaki chumba cha wazazi."

"Sasa unataka nini?"

"Kuulizwa."

Utingo akapiga bodi la basi kwa kiganja. "Turiani! Turiani! Mzee, panda, tunaondoka!"

Gabrieli hakugeuka. "Kitendawili," akasema.

"Kaka, saa hizi?"

"Kitendawili!"

"Tega," Paskalia akajibu, maana tangu utoto wao hakuna aliyewahi kukataa kutegewa na mwenzake.

"Shambani yupo, jikoni yupo, kwenye machela yupo. Kwenye karatasi hayupo."

Alilijua jibu kabla kaka yake hajafunga mdomo. Alitamani asilijue. Lori lilipita likapiga honi, na yeye akasubiri lipite, kama kwamba kelele ndiyo iliyomzuia.

"Ukishindwa nipe mji," Gabrieli akasema.

"Ni mimi," Paskalia akasema.

"Ni wewe. Mama hakuniachia mimi lile shamba, mimi ni mlinzi tu, mbwa wa mlangoni. Aliwaachia nyinyi binti zake. Na ile fomu ilipokuja, hata wewe hukujiandika. Siku Prisca akitaka kulima, ofisi itamwambia akaulize kwa ukoo wa baba yake. Mimi nimekasirika kwa ajili yangu, nakubali. Lakini nusu nimekasirika kwa ajili yako, mjinga wee."

Utingo akaita tena. Kulikuwa na jambo moja bado, na Paskalia alijua asipolisema hapo hatalisema popote.

"Deogratias alikataa," akasema. "Alikuwa na kalamu mkononi akaniambia si vizuri. Mimi ndiye niliyemlazimisha."

Ganda la chungwa likakatika, likaanguka.

"Basi niadhibu mimi, kaka. Yeye mwache."

"Siadhibu mtu. Ila karatasi haisemi wewe, inasema yeye, na jina lake limesomwa mbele ya watu. Aliyeweka mkono ndiye anayeuondoa. Kwa kinywa chake, humo humo ndani. Aseme pale kwetu yeye ni mkwe na hana cha kutoa. Nikisikia hivyo, natia sahihi kwa niaba ya tombo, na nyinyi wanawake mtatia pamoja nami. Nisiposikia, kesho kuna basi lingine."

"Mtu mzima yule. Mbele ya madiwani!"

"Mbele ya madiwani ndiko alikotoa shamba letu."

Akasimama, akachukua begi, na kwa sekunde moja Paskalia alidhani anapanda. Mlango wa basi ulikuwa wazi. Lakini alimpa utingo chungwa alilomenya, akasema, "Kula. Nauli yangu nimeshakula hasara, usile hasara na wewe," akageukia upande wa barabara.

Kwenye steshenari ya stendi binti mmoja aliwachapia nusu ukurasa. Gabrieli alimrudisha mara tatu. Alitaka lianze jina la mama yao, marehemu Sesilia, ndipo yafuate majina ya binti wote wa tombo, na lake liwe la mwisho. Saa saba na nusu ikapita wakiwa bado wanasubiri mashine ipate karatasi. Paskalia alihisi kila dakika ikipita ndani ya meno yake.

Walifika ukumbini saa nane kasoro dakika kumi. Deogratias alikuwa kwenye benchi la korido, chupa ya maji mkononi, haijafunguliwa. Mwanvita alikuwa pembeni.

"Nimemlinda kama kuku wa mgeni," Mwanvita akasema. Kisha akaziona nyuso zao, akainuka bila kuambiwa, akaenda kusimama mbali, pamoja na Gabrieli.

Paskalia akakaa alipokuwa amekaa Mwanvita. Akamwambia mumewe sharti lote, kwa sauti ya chini, bila kulipaka sukari. Deogratias alisikiliza mpaka mwisho. Ndani ya ukumbi ilisikika sauti ya Meya ikifunga ajenda ya madampo.

"Miaka thelathini na mmoja," Deogratias akasema. "Ile migomba chini ya boma nani kaipanda?"

"Wewe."

"Na ule ukuta wa mawe unaozuia udongo usiende na maji?"

"Wewe, baba Prisca."

"Na siku ile, kalamu ikiwa mkononi, nilisemaje?"

"Ulisema si vizuri."

"Basi. Nilitaka kujua kama unakumbuka." Akampa chupa ya maji, akavaa kofia, akakumbuka anaingia ndani, akaivua tena.

Mheshimiwa Yasmin aliomba mwongozo: yule aliyetajwa kwenye barua yupo, na anaomba kutoa ufafanuzi. Mheshimiwa Abdulswamad akasimama naye.

"Mstahiki Meya, tukianza leo kuwasikiliza mashemeji, wiki ijayo watakuja mawifi. Na hao hatutawamaliza."

Ukumbi ukaangua kicheko. Paskalia aliona shingo ya mumewe ikimeta jasho kwa nyuma, pale ukosi wa koti ulipoishia. Meya akagonga meza, akawauliza wajumbe kama wanaridhia. Wakaridhia, wengine kwa huruma, wengine kwa kutaka kuona.

Deogratias akasimama mbele, kofia mikononi.

"Mstahiki Meya, waheshimiwa, shikamooni kwa walionizidi. Mimi ndiye Deogratias aliyeandikwa." Feni la darini lilizunguka, likazunguka. Mtu mmoja akakohoa. Gabrieli alikuwa amesimama mlangoni, karatasi kifuani. "Pale Kisosa nimeoa. Nilifika na jembe na godoro. Shamba ni la tombo la mke wangu, nami nalima kwa kukaribishwa. Sina hata tuta moja la kumpa mtu."

Hakuna aliyecheka safari hii.

"Sasa mzee wangu," Meya akauliza, na hakuuliza kwa ubaya, "kama unajua hivyo, kwa nini uliweka sahihi?"

Paskalia akajikuta amenyanyuka nusu. Askari akainua kidole kimoja. Kama angepaza sauti angetolewa nje, na Mheshimiwa Abdulswamad angepata alichokuwa akingoja: fujo, ajenda iahirishwe, fedha ihame. Alimtazama mumewe kwa nyuma. Deogratias hakugeuka.

"Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, Mstahiki Meya," akasema.

Paskalia akakaa. Maneno yalikuwa kinywani mwake kama kaa la moto, na akayafumbia mdomo. Kwa ajili ya chumba kile aliyafumbia mdomo, na hilo yeye mwenyewe alilijua lina bei.

Mengine yakaenda haraka. Gabrieli aliitwa mezani akatia sahihi, herufi kubwa kubwa za kufundishwa na mapadri. Paskalia akatia. Binti wawili wa mama yao mdogo, waliokuwa miongoni mwa wale kumi na mmoja, wakaweka dole gumba. Mwanasheria akaisoma karatasi, akasema inafaa, mradi afisa ardhi aende Jumamosi akapime na mipaka ionyeshwe na wenyewe. Bila mipaka, hakuna fedha. Mheshimiwa Abdulswamad akasema karatasi ambayo wino wake haujakauka haiwezi kushinda mafuriko ya kila mwaka, na alisema vizuri, maana maji yanayoingia madukani ni maji kweli. Wakapiga kura kwa mikono. Paskalia alifumba macho. Akamsikia Meya akisema kumi na saba kwa kumi na mbili, akasubiri kusikia ni kumi na saba wa nani, mpaka Mwanvita alipomvuta sikio.

Vigelegele walivishikilia mpaka wakavuka geti. Hapo vikatoka vyote kwa mpigo, wapita njia wakadhani ni harusi. Walipokwisha kuchoka, wakatafuta mtu wa kumshukuru, na Deogratias hakuwepo.

Paskalia alifika nyumbani jua likiwa bado juu ya migomba. Prisca alikuwa mlangoni.

"Baba amepita. Kachukua jembe na panga. Anasema anakwenda kwao."

Kwao ni kwa shangazi Esther, dada yake, ng'ambo ya bonde. Ukisimama kwenye boma la zahanati unaona bati la nyumba yao. Paskalia alisimama pale Jumatano, akasimama Alhamisi. Ijumaa aliona mtu analima kwenye mteremko ule, polepole, shamba ambalo kwa miaka mingi halikuwa na mlimaji.

"Mimi nilitaka aseme," Gabrieli akamwambia jioni hiyo. Alikuwa ameahirisha Turiani mpaka upimaji uishe. "Sikutaka aondoke."

"Maneno aliyoyasema ndiyo yale yale yaliyomwondoa. Unataka kuyatenganisha na nini?"

Gabrieli alikula kidogo, akaacha mboga, yeye ambaye haachi mboga.

Jumamosi afisa ardhi alipanda na utepe wake wa kupimia na vigingi vinne vya chuma. Mtaa mzima ulikuja. Akasimama katikati ya majani, akauliza swali dogo: "Haya, mpaka uko wapi?"

Gabrieli akaonyesha mti wa mfenesi. Binti wa mama mdogo akasema hapana, mama Sesilia alikuwa anaishia kwenye kijito. Mwingine akasema kijito kimehama tangu mvua zile kubwa. Paskalia akatembea huku na huku, akipapasa kwa miguu shamba alilozaliwa nalo, na kila alipotazama aliona kazi ya mkono mmoja: migomba, mawe, matuta. Yeye alikuwa akishusha mboga. Kaka yake alikuwa Turiani. Mtu aliyeujua mpaka kwa jembe alikuwa mmoja.

Jirani wa upande wa chini, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekunja mikono, akasema, "Hapo mliposimama ni kwangu."

"Tangu lini?" Mwanvita akafoka.

Afisa akatazama saa. "Mama, mimi sipimi ugomvi. Kama hakuna mpaka naandika hakuna mpaka, narudi."

"Subiri kidogo, mwanangu," Paskalia akasema.

"Nasubiri nini?"

Afisa akaanza kuuviringisha utepe. Ulikuwa mrefu, na kila aliyekuwepo alikuwa anautazama ukiingia kwenye kasha lake.

Ndipo mtu akakohoa njiani.

"Hodi kwa wakwe."

Deogratias alikuwa amesimama nje ya shamba, nyuma ya migomba aliyoipanda mwenyewe, kofia mkononi, macho chini, panga limeelekezwa nyuma kama afanyavyo mwanaume anayekuja kwa mara ya kwanza ukweni kuomba kazi. Hakuna aliyejua kama anatania. Gabrieli alifungua mdomo kumkaribisha, maana ndiyo haki ya mjomba, lakini dada yake alimwekea mkono kifuani.

"Jamani," Paskalia akasema. Sauti haikutoka, akairudia. "Jamani, kabla hajaingia. Siku ya ile fomu yeye alikataa. Mimi ndiye niliyemlazimisha aweke mkono. Pale ukumbini aliulizwa, akanificha, nami nikajificha."

Mtaa mzima ukamtazama. Prisca alimtazama mama yake, kisha baba yake, kisha akatazama kule njia inakoshukia, pale alipozoea kugeuza uso, akaendelea kuitazama.

Deogratias aligeuza panga mkononi mwake.

"Karibu, shemeji," Gabrieli akasema taratibu.

Akaingia. Alipita katikati ya watu bila kusalimia, akaenda moja kwa moja kwenye kichaka ambacho hakuna aliyekitazama, akafyeka mara tatu. Chini kulikuwa na jiwe jeupe, limezama mpaka shingoni.

"Mpaka unaanzia hapa," akamwambia afisa. "La pili liko chini ya ule mgomba wa mwisho. Mama mkwe alinionyesha mwenyewe, mwaka niliooa." Akamgeukia jirani. "Na wewe unalijua."

Jirani akakunjua mikono, akatazama pembeni.

Afisa akautoa utepe tena, akatafuta mtu wa kumshikia ncha. Paskalia akaishika. Alitembea nyuma ya mumewe akimfuata kigingi kwa kigingi, na Deogratias akawa anafyeka mbele, na kila penye mwiba alikuwa akiuinamisha kwa panga mpaka mkewe apite. Kama usiku huo angelala huku au ng'ambo ya bonde, Paskalia hakumuuliza. Vilikuwa vimebaki vigingi viwili.